Kutoka Mguso hadi Mstari: Uchoraji kwa Kidole katika Programu za Simu na Utunzaji wa Mwandiko wa Mwanafunzi

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna programu ya simu inavyoubadili mguso wa kidole kuwa mstari unaoonekana kwenye skrini. Mfano unaotumika ni wa programu ya kufundishia uandishi wa herufi katika mfumo endeshi wa Android. Hoja kuu ni kwamba skrini haitoi mstari. Hutoa nukta zilizoachana, na mstari ni tafsiri ya programu. Kwa sababu hiyo, nukta ghafi hazina budi kuhifadhiwa kando na mstari uliolainishwa. Mwalimu au mtafiti anayepima mwandiko kwa kutazama mstari uliolainishwa peke yake huenda anapima kazi ya programu badala ya kazi ya mkono.

1.0 Utangulizi

Kuchora moja kwa moja juu ya skrini ya kompyuta si jambo jipya. Mwaka 1963, Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT, Marekani, tasnifu ya uzamivu kuhusu mfumo alioupa jina la Sketchpad. Mtumiaji wa mfumo huo alichora kwa kalamu ya mwanga, na kompyuta ikaweza kuinyoosha mistari yake ili ilingane, iwe sambamba au ikutane kwa pembemraba. Katika kazi ya kihandisi, unyooshaji huo ni msaada mkubwa, kwani mhandisi hahitaji kutunza mtetemeko wa mkono wake. Anahitaji umbo alilolikusudia.

Uandishi wa herufi una lengo tofauti. Mwanafunzi anayejifunza stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, anapoandika herufi kwa kidole kwenye simu au kishikwambi, kinachotakiwa kujulikana ni kile alichokifanya: alianzia wapi, alielekea upande gani, alisita wapi, na aliinua kidole mara ngapi. Programu inayonyoosha kila kitu humpendeza mtazamaji, lakini humnyima mwalimu taarifa anayoihitaji. Sehemu zinazofuata zinafafanua hatua za programu kwa mfuatano wake, na kuonesha ni katika hatua ipi taarifa hiyo hupotea.

2.0 Kile Ambacho Skrini Hutoa

Skrini ya mguso hukagua uso wake mara nyingi kwa sekunde. Kila inapokagua, huripoti mahali kidole kilipo kwa namba mbili, x na y, pamoja na wakati wa mguso. Chimbuko la vipimo hivyo ni kona ya juu kushoto ya ubao wa kuchorea. Thamani ya y huongezeka kadiri kidole kinavyoshuka, kinyume na grafu za hisabati ya shuleni.

Katika Android, ripoti hizo hufika katika programu zikiwa ndani ya kipengee kiitwacho MotionEvent. Kidole kinapogusa, tukio huwa ACTION_DOWN. Kinaposogea, huwa ACTION_MOVE. Kinapoinuliwa, huwa ACTION_UP. Katika makala hii, safari yote ya kidole tangu kugusa hadi kuinuliwa inaitwa mkupuo. Herufi “l” huweza kuandikwa kwa mkupuo mmoja, ilhali “t” huhitaji miwili.

Kati ya ripoti moja na nyingine, programu haijui kidole kimepita wapi. Tuseme kidole kinakwenda kwa kasi ya sentimita 30 kwa sekunde, na programu inapokea nukta 60 kwa sekunde. Umbali kati ya nukta moja na inayofuata utakuwa nusu sentimita. Mkupuo wa wima wenye urefu wa sentimita 2 utakuwa na vipande vinne tu. Kwa mstari ulionyooka, upungufu huo hauonekani. Kwa duara la herufi “o”, matokeo huwa umbo lenye pembe.

Sehemu ya upungufu huu huletwa na uandishi wa programu wenyewe. Ili kupunguza mzigo, Android hukusanya miguso kadhaa na kuileta ndani ya tukio moja, kwa kuoanisha na mwendo wa fremu za skrini. Nukta ya mwisho husomwa kwa getX na getY. Zile zilizoitangulia husomwa kwa getHistoricalX na getHistoricalY. Ikiwa skrini inakagua mara 120 kwa sekunde na fremu ni 60, programu inayosoma nukta ya mwisho pekee hutupa takriban nusu ya ushahidi kabla hata haijaanza kuchora. Aidha, mfumo endeshi wenyewe huweza kukadiria upya mahali pa nukta ya mwisho ili palingane na wakati wa fremu. Kwa hiyo neno “ghafi” lina maana ya kiasi: ni nukta zilizo karibu zaidi na kidole ambazo programu inaweza kuzipata.

3.0 Kuunganisha na Kulainisha Nukta

Njia nyepesi ya kuunganisha nukta ni kuchora mstari mnyoofu kutoka moja hadi nyingine. Njia hii hupita katika kila mahali palipoguswa, lakini huonesha pembe pale mkono ulipopinda taratibu. Ndiyo maana watayarishaji wengi wa programu hutumia mkunjo wa Bézier wa daraja la pili, unaopewa jina la Pierre Bézier, mhandisi aliyetumia mikunjo ya aina hii kusanifu magari katika kampuni ya Renault. Mfano wa msimbo uitwao FingerPaint, uliotolewa pamoja na Android, hufuata njia hiyo: mkunjo huanzia na kuishia katikati ya kila jozi ya nukta, na nukta yenyewe hutumika kuuvuta mkunjo bila kuguswa nao.

Hesabu ndogo inadhihirisha athari yake. Tuseme kidole kimegusa nukta A (100, 200), B (140, 180) na C (180, 220). Katikati ya A na B ni (120, 190). Katikati ya B na C ni (160, 200). Mkunjo utatoka nukta ya kwanza ya kati hadi ya pili, ukivutwa na B. Nusu ya safari yake, mkunjo huwa mahali palipo na robo ya nukta ya kwanza ya kati, nusu ya B, na robo ya nukta ya pili ya kati:

x = 30 + 70 + 40 = 140
y = 47.5 + 90 + 50 = 187.5

Kidole kilifika kwenye kimo cha 180, lakini mstari unaooneshwa unapita kwenye 187.5. Pale penye B, kilele kimekatwa kwa pikseli 7.5. Mkato huo hukua kadiri nukta zinavyoachana, na nukta huachana kadiri mkono unavyokwenda kasi. Mwanafunzi anayeandika polepole huoneshwa karibu kama alivyoandika. Anayeandika haraka hukatwa kona zaidi. Kwa herufi “v”, ambayo utambulisho wake wote umo katika ncha ya chini, mkato huo huisogeza herufi kuelekea “u”. Mwalimu ataona kosa ambalo mtoto hakulifanya.

Mbadala upo. Mkunjo uliopendekezwa na Edwin Catmull na Raphael Rom mwaka 1974 hupita katika kila nukta iliyoguswa. Hata hivyo, una gharama zake: ili kuchora kipande kimoja, programu husubiri nukta inayofuata, na katika kona kali mkunjo huweza kupitiliza na kufanya uvimbe ambao mkono haukuufanya. Hakuna ulainishaji usioongeza wala kupunguza kitu. Swali la msingi ni kama kilichoongezwa na kilichopunguzwa kinaweza kutenganishwa baadaye na kazi ya mkono.

Kuna jambo moja zaidi katika njia ya nukta za kati. Mkunjo wa mwisho huishia katikati ya nukta mbili za mwisho, si mahali kidole kilipoinuliwa. Programu isiyoongeza kipande cha kumalizia wakati wa ACTION_UP hukata mkia wa kila mkupuo.

4.0 Miguso Inayopotea na Miguso Inayozidi

Kasoro iliyozoeleka katika programu za kuchora ni kutoweka kwa nukta. Programu huanza njia ya mstari kidole kinapogusa, kisha huchora pale tu kidole kinaposogea. Mtoto akigusa na kuinua kidole bila kusogeza, njia huwa na mwanzo bila mwendo, na hakuna kinachochorwa. Herufi “i” na “j” hubaki bila nukta zake. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, madhara ni makubwa zaidi: ba, ta na tha zina umbo moja, na hutofautishwa kwa nukta moja chini, mbili juu, au tatu juu. Hapo kupotea kwa nukta ni kupotea kwa herufi. Tiba yake ni rahisi: mkupuo unaoisha bila mwendo uchorwe kama duara dogo lenye kipenyo sawa na unene wa mstari, na uhifadhiwe kama mkupuo kamili.

Kwa upande mwingine, kuna miguso inayozidi. Mtoto hulaza kiganja kwenye skrini kama anavyofanya juu ya daftari. Android hukipa kila kidole kitambulisho kisichobadilika hadi kiinuliwe, lakini nafasi ya kidole hicho katika orodha ya miguso huweza kubadilika kidole kingine kinapoondoka. Programu inayofuata nafasi badala ya kitambulisho huchora mstari unaoruka ghafla kutoka ncha ya kidole hadi kiganjani.

Mguso pia huweza kunyang’anywa. Ubao wa kuchorea ukiwa ndani ya ukurasa unaosogezwa juu na chini, mwendo wa wima huweza kuchukuliwa na ukurasa, na ubao ukapokea ACTION_CANCEL katikati ya mkupuo. Programu isipouzuia ukurasa kwa wito wa requestDisallowInterceptTouchEvent, mikupuo ya wima kama ya “l” hukatika mara nyingi kuliko ya mlalo. Mtafiti asiyejua hili anaweza kuhitimisha kwamba watoto wanapata shida na mistari ya wima, ilhali shida ni ya ukurasa.

5.0 Wepesi wa Kuonesha

Skrini yenye fremu 60 kwa sekunde huipa programu takriban milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Programu inayochora upya mikupuo yote katika kila fremu huwa nyepesi mwanzoni, kisha huzidi kuwa nzito kadiri ukurasa unavyojaa. Mstari huanza kubaki nyuma ya kidole, na mtoto hupunguza mwendo ili kuungoja. Hapo programu huwa imebadili tabia inayopaswa kupimwa.

Utaratibu unaofaa ni kuigawa kazi. Mikupuo iliyokamilika huchorwa mara moja kwenye picha ya pikseli iliyo katika kumbukumbu. Mkupuo unaoendelea tu ndio unaochorwa upya juu ya picha hiyo. Kwa njia hii, gharama ya kila fremu hutegemea urefu wa mkupuo mmoja badala ya wingi wa maandishi yote.

6.0 Kuhifadhi Mkono, si Picha Tu

Programu nyingi huhifadhi picha pekee. Picha ya pikseli 1080 kwa 1080, yenye baiti 4 kwa kila pikseli, huchukua baiti 4,665,600 katika kumbukumbu kabla ya kubanwa. Orodha ya nukta ni ndogo mno. Herufi iliyoandikwa kwa sekunde 3, kwa nukta 60 kwa sekunde, ina nukta 180. Kila nukta ikiwa na x, y na wakati, kwa baiti 4 kila kimoja, jumla ni baiti 2,160. Picha ambayo ni kubwa zaidi haisemi mkupuo upi ulitangulia, wala mkono ulisita wapi. Orodha iliyo ndogo inasema yote hayo, na picha inaweza kutengenezwa upya kutokana nayo wakati wowote.

Ili orodha hiyo isomeke katika simu tofauti, x na y vigawanywe kwa upana wa ubao. Vyote viwili kwa upana uleule, ili umbo lisivutike. Orodha pia inapaswa kuhifadhiwa kabla simu haijageuzwa, kwa kuwa Android kwa kawaida huivunja na kuijenga upya sehemu inayoonekana ya programu skrini inapozungushwa.

Tahadhari inahitajika katika kupunguza nukta. Algoriti iliyotolewa na Urs Ramer mwaka 1972, na na David Douglas pamoja na Thomas Peucker mwaka 1973, huondoa nukta zisizobadili umbo la mstari. Kwa ramani hiyo ni faida. Kwa mwandiko, nukta nyingi zilizorundikana mahali pamoja juu ya mstari mnyoofu ndizo alama ya kusita, nazo ndizo za kwanza kuondolewa. Vilevile, mtoto anapofuta mkupuo, ni vyema mkupuo huo uwekewe alama ya kufutwa na usiondolewe kabisa, kwani jaribio lililoachwa nalo ni sehemu ya kujifunza.

Utunzaji huu una wajibu wake. Mwendo wa mkono huweza kumtambulisha mtu, kama inavyodhihirika katika uhakiki wa saini. Orodha za nukta za mtoto ni taarifa binafsi, na nchini Tanzania zinapaswa kushughulikiwa kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikiwa ni pamoja na suala la ridhaa.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa mstari unaofuata kidole kwenye skrini hupitia maamuzi mengi: nukta zipi zisomwe, ziunganishwe vipi, mguso upi ukubaliwe, na kipi kihifadhiwe. Kila uamuzi una sababu ya kiufundi inayoeleweka, na kila mmoja unaweza kubadili herufi ya mwanafunzi bila yeye kujua. Ulainishaji hauna haja ya kuachwa; mtoto anastahili kuona mstari mzuri anapoandika. Kinachohitajika ni kwamba ulainishaji ufanyike wakati wa kuonesha, juu ya nakala, na nukta ghafi zibaki kama zilivyopokelewa. Tafiti zinazotumia mwandiko wa skrini kama data nazo zinapaswa kueleza, katika sura ya mbinu za utafiti, nukta zilisomwa vipi na kulainishwa kwa njia gani. Bila maelezo hayo, msomaji hana namna ya kutenganisha mkono wa mtoto na mkono wa mtayarishaji wa programu.