Uko zahanati na unataka kuwa mtafiti wa tiba? Anzia hapa

Tabibu kijana anayefanya kazi Ihanda, wilayani Mbozi, anaweza kuona jambo ambalo profesa wa Dar es Salaam halioni: nani anaacha dawa za TB katikati, na kwa nini. Lakini kuona ni kitu kimoja, kufanya utafiti unaokubalika ni kingine. Wengi hukwama kwa kukosa muda, si akili.

Kwa nini muda?

Ukishamaliza foleni ya wagonjwa na kujaza vitabu vya MTUHA, saa ya kuandika andiko la utafiti inatoka wapi? Ndiyo maana ufadhili mzuri kwa watafiti chipukizi haulipii vifaa na masomo pekee, unalipia pia muda wao.

Mfano ni K43, ufadhili wa kituo cha Fogarty cha Marekani kwa watafiti chipukizi wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Sharti lake: angalau asilimia 75 ya muda wa kazi uende kwenye utafiti na mafunzo, kwa miaka 3 hadi 5, chini ya washauri wazoefu.

EDCTP, ushirikiano wa Ulaya na Afrika ulioanza 2003, nao umefadhili watafiti wa Afrika wakiwa kwenye taasisi zao wenyewe.

Lazima kwenda nje?

Hapana. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo Mbeya, mkoa wa jirani.

Mbeya ilikuwa moja ya vituo vya PrEPVacc, jaribio la chanjo za VVU lililoanza 2020 na kushirikisha watu 1,512 Afrika Mashariki na Kusini. Chanjo hizo hazikufua dafu, na uchanjaji ukasitishwa 2023. Lakini majaribio ya aina hiyo huhitaji matabibu, wauguzi, watu wa maabara na wa takwimu. Wengi hujifunzia kazi humo.

Uanze vipi?

- Soma kozi ya GCP, yaani kanuni za kufanya majaribio ya tiba kwa usahihi na usalama. The Global Health Network inaitoa bure mtandaoni, na ukifaulu unapata cheti.
- Andika swali moja linalotokana na kazi yako. Moja tu.
- Tafuta mlezi aliyewahi kuchapisha utafiti.
- Ongea na bosi wako mapema. Ufadhili mwingi unadai barua ya taasisi inayokubali kukupa nafasi.

Angalizo

Usichukue taarifa za wagonjwa kwenye rejista ukaanza "utafiti" kimyakimya. Kibali cha maadili kinatangulia, na kwa ngazi ya taifa kinatolewa kupitia NIMR. Ukijaribu dawa au chanjo, unahitaji pia idhini ya TMDA.