Nyumba Mbili, Kazi Moja

Hebu niambie: mtu mmeachana, mashoga wote wameshajua, halafu kesho yake unakaa naye meza moja mnapanga kazi. Inawezekana kweli? Mimi nilikuwa nabisha. Nilipovunja uchumba, tulikuwa na studio ndogo ya picha tuliyoianzisha wote wawili, na nilitaka tugawane kila kitu, hadi vikombe vya chai. Mama akaniambia, "Mwanangu, uza sehemu yako upumzike." Karatasi zikawa tayari, bado sahihi yangu tu.

Zilikuwa kwenye mkoba nilipokwenda Paris kikazi mwaka 2024. Siku ya mwisho nikatoka kutembea, nikafika kwenye uwanja wa Stravinsky, ubavuni mwa Centre Pompidou, lile jengo ambalo mabomba yake yako nje utadhani fundi alisahau kumalizia. Hapo ndipo nilipoikuta chemchemi yenyewe.

Usifikirie chemchemi ya kijijini. Hili ni bwawa pana la kutengenezwa, lenye sanamu 16 za kuchezacheza na kurusha maji. Kuna tembo, kuna nyoka, kuna nguva, kuna ndege wa rangi rangi mwenye taji la dhahabu. Kuna na midomo myekundu, minene, kama imetoka kupakwa lipstiki sasa hivi, nayo inarusha maji! Jina la sanamu hiyo? Mapenzi. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Katikati ya rangi hizo kuna vyuma vyeusi, magurudumu na mikono ya mashine, vinajikokota kama baiskeli ya babu.

Vyuma ni vya Jean Tinguely, Mswisi. Rangi ni za Niki de Saint Phalle, mzaliwa wa Ufaransa aliyekulia Marekani. Walikuwa wapenzi tangu mwaka 1960, wakaoana 1971. Ndoa yenyewe, jamani, si ya kumpigia mtu mfano. Baada ya muda kila mmoja akawa na maisha yake na nyumba yake.

Sasa sikia hapa. Jiji la Paris lilipotaka chemchemi, mpango wa mwanzo ulikuwa wa vyuma vyeusi vya Tinguely peke yake. Mwaka 1982 ni yeye mwenyewe aliyeomba Niki awekewe nafasi. Mwanaume, kazi ameshaipata, sifa zote zake, anamwita mwanamke ambaye hawaishi tena pamoja! Kama alijua kwamba vyuma vyake bila rangi za Niki vingenuna, basi alikuwa na macho.

Wakaizindua mwaka 1983. Sanamu zinafuata muziki wa Igor Stravinsky, na chini ya uwanja kuna taasisi ya utafiti wa muziki. Ndiyo maana bwawa lina kina kifupi na sanamu hazikutakiwa kuwa nzito. Hebu fikiria, watu wako chini wanafanya kazi zao, juu ya vichwa vyao tembo anamwaga maji.

Tinguely alifariki mwaka 1991. Niki akatoa kazi nyingi za marehemu kwa makumbusho yake yaliyofunguliwa Basel mwaka 1996, naye akafariki 2002. Chemchemi nayo ilizeeka, ikachakaa, ikafanyiwa matengenezo makubwa yaliyokamilika mwaka 2023. Kwa hiyo mimi niliikuta imependeza, rangi zinawaka.

Nilikaa ukingoni karibu saa nzima. Nikawa nafikiria picha zetu. Yule bwana anajua mwanga, hilo silipingi hata nikiwa na hasira. Lakini bibi harusi akiwa amekakamaa, ni mimi ninayemchekesha mpaka mabega yanashuka. Peke yake picha zake ni safi, lakini watu wote wanakaa kama wako kwenye pasipoti. Na mimi peke yangu? Watu wanacheka vizuri, gizani.

Nilirudi nazo zile karatasi bila kusaini. Mama hajafurahi, na shoga yangu mmoja anasema nimerogwa. Sijarudiana naye, na sina mpango huo. Juzi alipiga simu, anauliza kama Jumamosi nitakuja na kamera ya pili, kuna harusi kubwa. Nikamwambia nitakuja, ila nauli juu yake.