Mkono si soseji: Nilichojifunza kwa penseli

Jumamosi moja mwaka jana nilijiandikisha katika darasa la kuchora mwili wa binadamu. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini na kichwa changu kimejaa mvi, lakini katika uchoraji nilikuwa bado mtoto wa chekechea. Nilikuwa na nia moja tu: kumchora mama yangu akisuka ukili kibarazani, kwa mikono ile ile iliyonilea. Picha za simu ninazo tele, ila hakuna hata moja inayomwonyesha kama ninavyomjua.

Mwalimu wetu, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, alisimama nyuma yangu akaitazama karatasi yangu kitambo kizima. Kisha akaniinamia.

"Mwalimu, usikasirike lakini. Hii ni soseji."

"Huu ni mkono," nikajitetea.

"Sawa. Mkono upi? Unaanzia wapi, unaishia wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Waama, katika Kiswahili cha kila siku mkono huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole, na mguu hutoka nyongani hadi kwenye kucha. Neno moja linabeba yote. Nami nilikuwa nimechora neno hilo: kitu kimoja, kirefu, kisicho na viungo, chenye vidole vitano mwishoni.

Msomaji anaweza kudhani hapa kwamba Kiswahili kina upungufu. La hasha! Upungufu ulikuwa wangu. Sehemu iliyo kati ya kisugudi na kiganja inaitwa kigasha. Mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani ni mtulinga. Ule mpana ulio mgongoni, nyuma ya bega, wazee waliufananisha na sahani wakauita kombe la mkono. Ugoko wa mguu huitwa pia muundi, na mnofu ulio nyuma yake ni tafu. Kifuniko cha goti ni pia ya goti, kwa sababu umbo lake linakaribia lile la pia wanayochezea watoto. Wengine hukiita kilegesambwa. Pale mbavu zinapoachana juu ya tumbo ni chembe cha moyo. Majina haya niliyajua yote, na nimewahi kuyatungia maswali ya mtihani. Kumbe nilikuwa nimeyahifadhi kamusini, sikuwahi kuyatafuta mwilini.

Mwalimu wetu hakutuanzisha na ngozi. Alitutolea mifupa ya plastiki iliyoning'inizwa kwenye chuma, akatuambia mchoraji hujifunza kwanza kile kisichobadilika. Mnofu hunenepa na kukonda, ngozi hujikunja, lakini mifupa ya mtu mzima ni ile ile 206. Kati ya hiyo, kila mkono una 27 kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye ncha za vidole, na kila mguu una 26 kuanzia kifundoni kwenda chini. Jumlisha mwenyewe: 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mwili imo katika viganja na nyayo. Ndiyo maana wanaoanza kuchora hupenda kuwaficha watu wao mikono mfukoni na miguu nyasini.

Kisha akatupa jaribio ambalo wewe pia waweza kulifanya hapo ulipo. Laza kigasha mezani, kiganja kikiangalia juu. Kigasha kina mifupa miwili: mmoja upande wa kidole gumba, mwingine upande wa kidole cha mwisho. Sasa geuza kiganja kiangalie chini. Mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, ambao ndio unaofanya ncha ya kisugudi, unabaki karibu pale pale. Ule wa upande wa gumba unazunguka na kupita juu ya mwenzake kama miguu ya mtu aliyekunja nne. Leonardo da Vinci, ambaye kwa kauli yake mwenyewe alipasua maiti zaidi ya 30, aliichora mifupa hiyo ikigeuka hivyo mwanzoni mwa karne ya 16. Bila kulijua hilo, huwezi kumchora mtu anayesuka, maana kila anapopitisha ukindu kigasha chake kinageuka na umbo lake lote linabadilika.

Mguu nao una siri zake. Tazama mtu aliyesimama akikupa mgongo. Tafu la upande wa ndani hushuka chini zaidi kuliko la upande wa nje, ilhali kifundo cha ndani kipo juu kuliko cha nje. Ukivichora vyote kwenye mstari mmoja, mguu unakuwa nguzo ya stima.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa somo la vipimo. Kijana alitufundisha kwamba wachoraji huupima mwili kwa kichwa. Watu wazima wengi wana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, na anayetaka kumtukuza shujaa humpa vinane. Mtoto mchanga ana vinne tu, na ndiyo sababu mtoto aliyechorwa kwa vipimo vya mtu mzima huonekana kama mzee mfupi. Nusu ya urefu wa mtu iko karibu na kinena, si kitovuni. Macho yako katikati ya kichwa. Sisi wanagenzi huyapandisha juu kwa kuwa tunauona uso tukausahau utosi.

Nikainua mkono. "Mwalimu, haya mahesabu tunayo."

Nikamweleza vipimo vya mababu zetu. Ukitanua kiganja, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni shibiri. Shibiri mbili ni dhiraa, kutoka kisugudi hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili ni wari, na wari mbili ni pima, yaani upana wa mikono iliyonyooshwa kushoto na kulia. Upana huo hukaribiana na kimo cha mtu mwenyewe. Kwa hiyo mtu ni pima moja, au dhiraa nne, au shibiri nane. Na kichwa chake, kutoka kidevuni hadi utosini? Jipime. Hakitofautiani sana na shibiri moja. Vichwa vinane vya wachoraji na shibiri nane za washona kanzu na wapima kamba ni ndugu wa damu.

Darasa zima lilianza kujishika vidole usoni. Kijana alicheka, akasema, "Haki, hii ningeambiwa mapema!"

Hata hivyo, sitaki nieleweke kana kwamba neno peke yake linatosha. Galeni, tabibu wa karne ya 2, aliandika mengi kuhusu mwili wa mtu akitegemea kupasua wanyama. Maneno yake yaliaminika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mnamo 1543 Andreas Vesalius, aliyekuwa akipasua maiti za watu kwa mikono yake mwenyewe, alichapisha kitabu chenye michoro na kuonyesha, miongoni mwa mengine, kwamba taya la chini la binadamu ni mfupa mmoja, si miwili kama ilivyosadikiwa. Wasomi walikuwa na jina na maelezo. Kilichokosekana ni jicho la kuhakikisha.

Na jina likiwa na utata, madhara yake hayaishii kwenye karatasi. Miaka michache iliyopita mama aliteleza kisimani. Hospitalini alipoulizwa anaumwa wapi, alisema, "Kiwiko, mwanangu." Kwa mama, aliyelelewa Pwani, kiwiko ni pale kiganja kinapoungana na kigasha. Kwa kijana aliyekuwa akiandika, kiwiko ni kisugudi, kama ambavyo wengi wetu huku bara hutumia neno hilo. Wakapiga picha ya kisugudi, wakamwambia hakuna kilichovunjika, akarudi nyumbani. Ufa ulikuwa kwenye kifundo cha mkono, na uligunduliwa wiki ya pili. Wote wawili walisema Kiswahili sahihi! Kilichohitajika ni mmoja wao kusema, "Mama, hebu niwekee kidole panapouma."

Ndiyo maana naona walimu wenzangu tungefanya vyema kulifundisha somo la sehemu za mwili kwa penseli. Mwanafunzi achore mkono wake wa kushoto, aandike mtulinga, kisugudi, kigasha na kifundo mahali panapohusika, kisha amwonyeshe jirani yake. Wakitofautiana kuhusu kiwiko, hapo ndipo mjadala wa lahaja uanze, kila mmoja akiwa na kidole mahali anapopataja.

Mwezi uliopita nilimpelekea mama mchoro wangu wa saba. Aliusogeza karibu na macho, akauzungusha, akanyamaza. Uso, alisema, si wake. Ni wa shangazi yangu. Kisha akaweka kidole chini kidogo ya kiganja, palipo na kijivimbe ambacho ufa ule ulimwachia.

"Lakini kiwiko," akasema, "hicho ni changu."