Tusiukimbie umeme unaotibu

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii ilinijia tulipokutana kuamua juu ya shangazi yangu, ambaye sonona ilimfanya asile wala asiinuke kitandani kwa majuma mengi. Vidonge havikumfaa. Daktari alipopendekeza tiba ya umeme, ami zangu walihamaki: "Dada yetu atiwe umeme kama mhalifu?" Nakiri kuwa nami nilinyamaza.

Hofu hiyo, msomaji mpenzi, ina chanzo. Ugo Cerletti na Lucio Bini walipoijaribu tiba hii kwa binadamu mjini Rome mwaka wa 1938, mgonjwa hakulazwa usingizi. Miaka iliyofuata, baadhi ya wagonjwa walivunjika mifupa kwa mitukutiko. Leo, inapotolewa ipasavyo, mgonjwa hupewa nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli, kisha umeme hupitishwa kwa sekunde chache tu ili kuzusha kifafa kifupi ubongoni. Aghalabu hurudiwa mara 6 hadi 12, mara mbili au tatu kwa juma.

Sisemi kwamba haina dosari. Wengi husahau mambo ya siku zile za matibabu, na wengine hupoteza kumbukumbu za kale. Ni haki ya mgonjwa kuelezwa hayo kabla ya kuridhia.

Ipo pia njia ya sumaku. Mwaka wa 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walidhihirisha kuwa nguvu za sumaku zaweza kuusisimua ubongo kutoka nje ya fuvu. Marekani iliidhinisha mashine ya aina hiyo kutibu sonona mwaka wa 2008. Haihitaji nusukaputi, lakini mgonjwa hutakiwa kufika kliniki siku tano kwa juma, kwa majuma manne hadi sita. Mkulima wa mashambani atatoa wapi nauli hiyo? Tiba isiyofikika ni sawa na chakula kilichoangikwa darini.

Katika kikao chetu, binti yake ndiye aliyeuliza tulilolisahau sote: mgonjwa mwenyewe anasemaje? Tulimwendea, daktari akamweleza yote polepole, naye akaridhia.

Hivi sasa shangazi anapalilia mihogo yake. Kikao kile hakikumbuki hata kidogo. Sisi tunakikumbuka, na tunaona haya kwamba nusura tumwamulie bila kumwuliza.