Mkopo wa Serikali Huvujia Mezani

Kila Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali ikishatua bungeni, magazeti yetu hujaa habari za aina moja: zahanati iliyolipiwa paa na haina paa, pampu iliyonunuliwa mara mbili kwenye vitabu, mkandarasi aliyechukua malipo ya awali akazima simu. Habari hizo zinauma, na wakaguzi wanaozifukua wanastahili heshima. Ila karibu zote hutokea fedha zikiwa zimeshafika. Mkopo mkubwa wa nje una maisha marefu kabla ya hapo, na ndipo palipo na hasara ambazo mwananchi hawezi kuziona hata akizunguka na ripoti mkononi kijiji kwa kijiji.

Tuanze na wa kwetu. Machi 2013 Serikali ya Tanzania ilikopa dola milioni 600 kwa kuwauzia wawekezaji wa nje hati za deni. Waliopanga shughuli hiyo walikuwa Standard Bank ya London pamoja na ndugu yake wa Dar es Salaam, Stanbic Tanzania. Benki inayopanga mkopo wa namna hii haitoi fedha zake. Huandaa nyaraka, hutafuta wanunuzi, na kwa kazi hiyo hulipwa ada. Pendekezo la mwanzo lilikuwa ada ya asilimia 1.4. Mkataba uliposainiwa, ada ilikuwa asilimia 2.4. Ile asilimia 1 iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni ya Kitanzania iliyoitwa EGMA, iliyoelezwa kuwa mshirika wa ndani. Mwenyekiti wa kampuni hiyo alikuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato wa wakati huo.

Ada haikulipwa kwa hundi ya pembeni. Ilikatwa kwenye mkopo wenyewe. Serikali ilidaiwa milioni 600 kamili, na riba ikapigwa juu ya milioni 600 kamili, huku dola milioni 14.4 zikiwa zimebaki njiani. Mwekezaji aliyeko Ulaya hana sababu ya kulalamika, kwa sababu deni lake limeandikwa lote. Benki hailalamiki, maana imepata chake. Anayeumia ni mmoja tu, na huyo hakuwepo mezani.

Tulijuaje? Hatukujua sisi. Fedha za EGMA ziliingia kwenye akaunti ndani ya Stanbic, na ndani ya siku chache sehemu kubwa ikatolewa taslimu. Wafanyakazi wa benki wakaingiwa na wasiwasi, wakaripoti, makao makuu London yakapata habari na yenyewe yakajipeleka kwa vyombo vya Uingereza Aprili 2013. Tarehe 30 Novemba 2015 mahakama ya Southwark iliridhia makubaliano kati ya benki hiyo na waendesha mashtaka wa makosa makubwa ya fedha: mashtaka ya kushindwa kuzuia rushwa yanaahirishwa, benki inalipa. Ulikuwa mkataba wa kwanza wa aina yake Uingereza. Hakukuwa na ushahidi wowote kwamba EGMA ilifanya kazi yoyote kwa milioni 6 zile.

Tanzania ilirudishiwa milioni 6 hizo na riba yake, jumla dola milioni 7 hivi. Benki ikalipa pia faini ya milioni 16.8 na kurejesha faida ya milioni 8.4, na hizo zikaenda kwa serikali ya Uingereza. Yaani mkopo wetu, uliosainiwa na sisi na kulipwa na sisi, uliingizia Hazina ya Malkia zaidi ya mara tatu ya kilichorudi Hazina ya Dar es Salaam. Sisemi Waingereza walikosea. Kesi waliiendesha wao, ushahidi waliukusanya wao. Lakini hata kama kila senti iliyoingia nchini ingetumika vizuri, barabara zikanyooka na hesabu zikapata hati safi, ile asilimia 1 ingekuwa imeshaondoka, na hakuna mkaguzi wa barabara ambaye angekutana nayo.

Miaka ile ilikuwa na shetani wake. Riba Marekani na Ulaya zilikuwa chini sana, na mifuko ya uwekezaji ilikuwa ikihangaika kutafuta mahali penye faida. Zambia ilikopa dola milioni 750 Septemba 2012, Rwanda milioni 400 Aprili 2013, Kenya bilioni 2 Juni 2014. Mabenki yalikuwa yakibisha hodi kwenye wizara za fedha badala ya wizara kuyafuata. Muuzaji akiwa na haraka kuliko mnunuzi, mnunuzi mwenye busara huuliza bei mara mbili. Wengine hawakuuliza.

Jirani yetu wa kusini alikwenda mbali zaidi. Kati ya 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali ya Msumbiji zilikopa karibu dola bilioni 2 kutoka Credit Suisse na benki ya Urusi ya VTB. Ematum ingevua jodari, Proindicus ingelinda pwani, MAM ingetengeneza meli. Kampuni hizi hazikuwa na biashara yoyote ya kuonyesha. Kilichowafanya wakopeshaji wafungue pochi ni karatasi ya dhamana yenye saini ya waziri wa fedha, Manuel Chang: kampuni ikishindwa, serikali italipa.

Dhamana ndiyo kichochoro kinachopendwa kuliko vyote, kwa sababu siku inaposainiwa haionekani kwenye deni la taifa. Aliyekopa ni kampuni, si serikali. Ni sawa na baba anayemdhamini rafiki yake kwenye kikoba bila kusema nyumbani; mke atajua siku makochi yanabebwa. Sheria ya bajeti ya Msumbiji iliweka ukomo wa dhamana, na dhamana hizi ziliupita mbali mno. Bunge halikuulizwa. Deni la Ematum lilifahamika kwa kuwa hati zake ziliuzwa hadharani, lakini yale mawili mengine yalifichwa hata kwa Shirika la Fedha la Kimataifa hadi Aprili 2016 magazeti yalipoyafichua.

Na fedha zenyewe? Sehemu kubwa haikukanyaga Maputo. Benki ziliilipa moja kwa moja Privinvest, kampuni ya kuunda meli, iliyopewa kandarasi ya miradi yote mitatu. Meli za uvuvi 24 zilitengenezwa Cherbourg, Ufaransa, mahali ambapo Rais Guebuza wa Msumbiji alikwenda Septemba 2013 akiwa na Rais Hollande wa Ufaransa, furaha tele. Meli zilikuja, zikafungwa bandarini, jodari wakavuliwa kidogo mno. Kampuni ya uchunguzi ya Kroll ilipopitia hesabu mwaka 2017 ilikuta vifaa vimeuzwa kwa bei iliyozidi thamani kwa mamia ya mamilioni, na dola milioni 500 hazikupatiwa maelezo kabisa.

Bomu lilipolipuka, wahisani walisimamisha misaada ya bajeti, thamani ya metikali ikaporomoka, na utafiti wa mwaka 2021 wa taasisi ya CIP ya Maputo na wenzao wa Norway ulikadiria gharama kwa uchumi kuwa dola bilioni 11, karibu sawa na pato la mwaka mzima la nchi hiyo mwaka 2016. Na ile pwani ambayo Proindicus ilikopeshwa mamia ya mamilioni kuilinda inajumuisha Cabo Delgado, nyumbani kwa Wamwani na Waswahili wenzetu. Agosti 2020 wapiganaji waliuteka mji wa Mocímboa da Praia pamoja na bandari yake.

Haki ilipatikana nusu, tena kwa kuzunguka dunia. Chang alikamatwa Johannesburg mwishoni mwa 2018, akatiwa hatiani Brooklyn Agosti 2024. Maputo nako walihukumiwa watu Desemba 2022, akiwemo mtoto wa Guebuza. Baraza la Katiba lilitamka kwamba dhamana zile ni batili. Hata hivyo hati za Ematum zilikuwa zimeshageuzwa kuwa deni la serikali moja kwa moja, na mwaka 2019 zikapangwa upya: dola milioni 900, riba asilimia 5, inayopanda hadi 9 kuanzia Septemba 2023, na deni lenyewe kwisha 2031. Mtoto aliyezaliwa Maputo mwaka waziri aliposaini atakuwa na umri wa kupiga kura likiisha.

Kenya ni kisa kingine, na ningependa tusikichanganye na hicho cha Msumbiji. Hapo mkopo ulitangazwa kwa mbwembwe. Ugomvi ulikuwa juu ya njia. Fedha za 2014 zilipokelewa kwanza kwenye akaunti New York, sehemu ikalipa mkopo wa awali hukohuko, zilizobaki zikaja Nairobi kwa mafungu. Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Edward Ouko, alipotaka kujua zilijenga nini, aliandika kwamba hajakamilisha uchunguzi na hawezi kuthibitisha. Serikali ilishikilia kwamba zimeingia kwenye bajeti na kutumika. Upinzani ulidai zimeibwa. Nionavyo mimi, pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya swali lisilo na jibu: fedha zikishachanganywa na makusanyo ya kodi kwenye mfuko mmoja, huwezi kusema shilingi hii ya mkopo ndiyo iliyojenga daraja lile. Swali hilo lazima liulizwe kabla ya kuchanganya. Deni lenyewe lilipokaribia kuiva, Kenya ilikopa nyingine Februari 2024, dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili kulipia ile ya miaka 10 iliyokuwa na asilimia 6.875.

Wakenya, hata hivyo, wana kifungu ambacho mimi hukionea wivu. Ibara ya 211 ya Katiba yao ya 2010 inasema Bunge likipitisha azimio, waziri wa fedha ana siku 7 za kuieleza kamati kuhusu mkopo wowote mahususi: deni na riba vimefikia wapi, fedha zimetumikaje, mpango wa kulipa ni upi. Kuwa na kifungu na kukitumia ni mambo mawili, kama mkataba wa reli ya Mombasa ulivyoonyesha. Treni zilianza kukimbia 2017. Kurasa za mkopo wa China zilitolewa hadharani Novemba 2022 tu, ndipo wengi wakasoma kwa macho yao kwamba mgogoro ukitokea utaamuliwa Beijing.

Kwetu, Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa na kudhamini kwa niaba ya Jamhuri. Ipo kamati ya wataalamu inayomshauri. Bunge hupitisha bajeti yenye jumla ya kiasi kitakachokopwa, kisha mikataba mmoja mmoja huendelea huko huko. Kila mwaka tunaelezwa kwamba deni ni himilivu, na kwa vigezo vinavyotumika, kauli hiyo ni sahihi. Kipimo hicho lakini huangalia kama nchi inaweza kulipa. Hakiangalii kama ililipishwa ada ya haki, wala nani alikuwa wakala. Mkopo wa 2013 ulikuwa himilivu pia.

Desemba 2021, Spika Job Ndugai alipohoji hadharani mwenendo wa kukopa, siku si nyingi baadaye akawa ameomba radhi na kujiuzulu. Kilichonishangaza si siasa yake, ni mkopo wenyewe uliokuwa ukizungumzwa sana wakati huo, ule wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya UVIKO-19. Ulikuwa miongoni mwa mikopo yetu iliyo wazi kuliko mingi. Mgawanyo wake ulitangazwa, na madarasa yake 15,000 mwalimu mkuu yeyote angeweza kuyahesabu. Mikopo ya kibiashara, yenye riba kubwa na mawakala wake, ndiyo isiyo na mtu wa kuihesabu.

Si kwamba uwazi hauwezekani. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilianza kuuza hatifungani ya kijani, shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba ya asilimia 13.5, bila dhamana ya Serikali Kuu. Kwa kuwa ilikuwa ikiomba fedha kwa umma, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliilazimu kuandika waraka unaoeleza mradi utakaojengwa, mapato yatakayolipa deni, hatari zilizopo, na washauri waliohusika kwenye shughuli hiyo. Hatifungani ikanunuliwa hadi ikapita lengo, na sasa ipo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwalimu mstaafu wa Muheza anayetaka kuikopesha mamlaka ya maji shilingi chache anawekewa hayo yote mezani kabla hajatoa fedha. Mbunge wake, akitaka kujua ada na wakala wa mkopo wa mamia ya mamilioni ya dola ambao mwalimu huyohuyo ataulipa kwa kodi, hana waraka wa namna hiyo wa kuomba.