"Shall" katika sheria: amri au utabiri?

Chukua mkataba wa upangaji ulioandikwa kwa Kiingereza, uusome kalamu mkononi, na kila penye neno "shall" upige mstari. "The tenant shall pay rent" inamfunga mpangaji: asipolipa kodi, amevunja mkataba. Ukishuka kidogo unakuta "this agreement shall commence on 1 July". Hapo haamriwi mtu. Imetajwa tarehe tu. Halafu inakuja "no tenant shall keep livestock". Ikiwa "shall" ni wajibu, basi sentensi hiyo inasema hakuna mpangaji anayelazimika kufuga, ilhali aliyeiandika alitaka kukataza mifugo. Neno ni lilelile, na maana zote tatu tumezikuta ukurasa mmoja.

Asili yake ni deni. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kudaiwa, na wajibu ukazaliwa humo. Baadaye likabeba pia wakati ujao, na mwaka 1653 John Wallis akaweka katika sarufi yake kanuni iliyowatesa wanafunzi wengi, wa kwetu wakiwemo: nafsi ya kwanza itabiri kwa "shall", nyingine kwa "will". Katika mazungumzo ya kila siku Waingereza wenyewe wanalitumia kwa nadra. Wanasheria ndio walioling'ang'ania.

Gharama yake huonekana mahakamani. Ibara ya 81(b) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatumia "shall" kuagiza kwamba wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Kuanzia lini? Desemba 2012 majaji wengi wa Mahakama ya Juu walisema takwa hilo litekelezwe hatua kwa hatua, sheria yake ipatikane kufikia 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga. Kwake lilikuwa la papo hapo. Tarehe ilipita bila sheria, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge. Siasa ina mkono mkubwa katika kisa hiki, lakini maandishi yaliiachia mwanya.

Tanzania ilijaribu kuuziba. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinafanya "may" kuwa hiari na "shall" kuwa lazima. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani imewahi kuamua kwamba "shall" ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si amri isiyopindika, bali isomwe pamoja na kifungu cha 388, kinachotazama kama kasoro imesababisha haki kukosekana.

Wengine wameliacha kabisa. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inatumia "must", na Marekani ililifuta mwaka 2007 ilipoandika upya kanuni za madai za mahakama zake za shirikisho.

Tangu 2021 lugha ya sheria Tanzania ni Kiswahili, na nahofia tunauhamishia ugonjwa huo kwenye "-ta-". "Mkurugenzi atawasilisha taarifa": ameagizwa, au tunaelezwa yatakayotokea? Kiswahili kina maneno ya kutosha kukata shaka hiyo. Penye wajibu tuandike "lazima awasilishe", penye katazo "ni marufuku kufuga", penye hiari "anaweza". Hiyo "-ta-" tuiachie sentensi kama "mkataba huu utaanza tarehe 1 Julai", ambamo hakuna wa kushtakiwa.