Uchovu Usiokwisha Si Uvivu wa Ukoo

Kijijini kwetu yuko mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kufika shambani. Alishikwa na homa, homa ikapona, lakini nguvu hazikurudi. Akilima nusu saa leo, kesho na kesho kutwa hainuki kitandani. Hata akilala usiku kucha huamka amechoka. Huu ni mwaka wa pili. Amepimwa malaria, kifua kikuu na upungufu wa damu, havikuonekana. Wakwe zake wanasema ni uvivu wa ukoo wao, maana mama yake mdogo naye alikuwa hivyo, nao wataka arudishwe kwao. Ndoa yenyewe ni ya Kanisa!

Ni juu ya daktari kusema anaumwa nini. Lakini uko ugonjwa wa namna hiyo hasa, uitwao uchovu sugu. Mwaka 1955 maradhi kama hayo yaliwapata wafanyakazi zaidi ya 200 wa hospitali ya Royal Free, London, hata ikafungwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili, waliosoma maandishi tu ya wagonjwa wale, walisema ni wasiwasi wa wanawake. Kumbe masingizio hayako kwetu peke yetu.

Je, ni wa ukoo? Mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzao walitangaza kwamba wamelinganisha urithi wa wagonjwa 15,579 na wa watu wengine 259,909. Waliona sehemu 8 zenye tofauti, nyingine zikihusu kinga ya mwili na mishipa ya fahamu. Basi ukoo wamo, ila kidogo: wengi wanazo tofauti hizo na ni wazima kabisa.

Hapa daftari la ubatizo lanisaidia kuelewa. Nikisha kuandika jina la mtoto na wazazi wake, mstari ule haubadiliki. Lakini pembeni huongezwa kipaimara, kisha ndoa. Jeni tunazorithi ni ule mstari. Njaa, maradhi na taabu huweka alama pembeni, nazo huiambia jeni ifanye kazi au inyamaze. Elimu ya alama hizo huitwa epijenetiki. Uholanzi kulikuwa na njaa kali mwaka 1944 hadi 1945. Waliotungwa mimba wakati ule walipimwa miaka 60 hivi baadaye, na jeni yao moja ya ukuaji ilikuwa na alama pungufu kuliko za ndugu zao.

Kwa wagonjwa wa uchovu sugu pia zimeonekana alama tofauti katika chembe za kinga, ingawa waliopimwa ni wachache, wala haijathibitishwa kama alama ndizo zilizoleta ugonjwa au ugonjwa ndio ulioleta alama.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Mgonjwa afanye kazi kidogo kidogo, apumzike kabla hajachoka. Kumlazimisha ni kumzidishia.

Nilimweleza mama mkwe hayo yote, akanyamaza. Jumapili nilimwona amejitwika ndoo mwenyewe, na mkwewe ameketi kivulini akichambua maharage. Wazee watakutana juma lijalo.